Dada, Usinyamaze Kazini

Dada msomaji, mkonge uliletwa pwani yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Tangu hapo kukata mkonge na unyapara vimehesabiwa kuwa kazi za kiume, naye mwanamke huonekana zaidi akianika singa. Je, hawezi kusimamia wenzake? Aweza sana! Lakini atajulikanaje iwapo hasemi?

Basi, shika haya. Kwanza, ijue kazi yako barabara. Pili, ukiwa na neno, usilinung'unike kisimani. Mpelekee msimamizi mapema, kwa adabu, ukitaja siku na hesabu ya kazi. Tatu, ikitokea nafasi ya cheo, iombe kwa barua, na nakala uiweke. Nne, mkubwa akitaka mwili wako ndipo akupandishe, kataa, kisha ukashtaki kwa chama cha wafanyakazi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hutakuwa peke yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya jinsia, ndoa au mimba. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua kwa Wanawake ya mwaka 1995, alidai ujira sawa kwa kazi iliyo sawa, na haki katika kupandishwa cheo.

Nanyi akina baba, binti akisema ataka kuwa fundi wa mashine, msimcheke. Mpelekeni shule. Na mama akirudi jioni kutoka shambani, akute maji yamekwisha kutekwa.