Usinunue rangi, nunua chasisi

Leo sitaandika kuhusu programu. Au tuseme nitaandika, lakini kwa kupitia mlango wa nyuma. Nivumilie kidogo, msomaji.

Majuzi mjomba alinipigia simu kutoka Kimilili. "Mjomba, wewe ni mtu wa kompyuta. Nimetumiwa picha za trela, hebu niangalizie kama ni nzuri." Jirani yake ana trekta na wamekubaliana kuitumia pamoja. Kilichokosekana ni trela ya kubebea mahindi na miwa, na siku ya soko ng'ombe mmoja au wawili. Picha zilikuwa nane. Trela ya buluu, inang'aa kama sufuria ya harusi. Bei: shilingi 180,000. Pesa zenyewe ni ng'ombe wawili aliouza, na mkopo wa chama juu yake.

Nilimwambia ukweli: picha haikagui trela. Jumamosi nikapanda matatu Kitale, nikashuka Kamukuywa, nikachukua boda hadi kwake. Mkononi nilikuwa na nyundo ndogo, bisibisi, tochi, na kamba ya mita kumi.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea: kununua trela kuukuu ya bei nafuu si kosa. Kosa ni kununua rangi. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri. Mteja huona vitufe vizuri na kurasa safi, anafurahi, analipa. Kumbe ndani msimbo umeshikiliwa na viraka, na deni hilo atalilipa yeye, si aliyemuuzia.

Si kwetu tu. Wenye farasi kule Uingereza na Marekani wana trela maalumu za kuwabeba, nazo pia huuzwa zikiwa zimetumika. Wazoefu hukuambia ufunue kwanza mpira uliotandikwa sakafuni. Mkojo hupenya chini, mbao zinaoza polepole, na siku moja mguu wa farasi unatumbukia gari likiwa mwendoni. Sisi wa Bungoma na Trans Nzoia hatubebi farasi, lakini mkojo wa ng'ombe unafanya kazi ileile, na mbolea iliyomwagika inakula chuma bila huruma.

Haya, tulifanya majaribio gani? Nayaandika kwa mpangilio tuliofuata.

1. Sakafu. Ingia chini na tochi, usiangalie kutoka juu. Choma mbao kwa bisibisi. Mbao nzima inakataa, iliyooza inapokea kama mkate. Ya buluu ilipokea sehemu tatu.

2. Chuma. Gonga chasisi kwa nyundo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti iliyokufa. Angalia sana pale mkono wa kuvutia unapoungana na chasisi, na pale springi zinaposhikwa. Ukiona kiraka kilichochomelewa juu ya kiraka kingine, uliza kwa nini pamevunjika mara mbili.

3. Tundu la pini. Linatakiwa kuwa duara. Likiwa limerefuka kama yai, trela imevuta mizigo mingi, na kila ukifunga breki itakuwa inaisukuma trekta kwa kishindo.

4. Magurudumu. Piga jeki. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Lizungushe usikilize: likinguruma, jibu umepata. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi. 3514 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umesimama.

5. Kamba. Hili ndilo jaribio ninalolipenda, na halikugharimu senti. Pima chasisi kona kwa kona, halafu kona nyingine mbili. Urefu ukilingana, fremu haijapinda. Kisha pima kutoka kwenye tundu la pini hadi mwisho wa ekseli kushoto, halafu kulia. Zikitofautiana, ekseli haijakaa sawa. Trela itatembea upande kama kaa, na itamaliza tairi kabla ya msimu kwisha.

Ya buluu ilitofautiana kwa sentimita sita. Muuzaji akacheka. "Kijana, hii ni trela ya kazi, si ya maonyesho."

Mjomba alinitazama. Bado aliitaka. Tukakaa chini ya mwembe tukapiga hesabu kwa bei alizotupa fundi wa jua kali wa pale mjini: tairi mbili 36,000, beringi na sili 7,500, mbao 14,000, kuchomelea mkono upya 12,000, taa na rifleta 5,500. Jumla 75,000. Kwa hiyo trela ya 180,000 ni trela ya 255,000, na hapo ekseli bado imepinda.

Jumatatu yake tukaona nyingine, upande wa Kiminini. Sura mbaya kabisa! Rangi imebanduka, ubavu mmoja una bonde. Bei 210,000, muuzaji hashuki. Lakini kamba ilisoma sawa, chuma kililia, na mwenyewe alituletea jeki kabla hatujaomba. Ilihitaji mbao na taa tu, 19,500. Jumla 229,500. Trela "ghali" ilikuwa nafuu kwa 25,500.

Wapo watakaosema: mkulima mdogo hana nafasi ya kuchagua, anunue anachoweza, atatengeneza polepole. Naielewa hoja hiyo, nimekulia humo. Lakini naiona imesimama kichwa chini. Tajiri akiuziwa trela mbovu, ananunua nyingine. Mjomba akiuziwa mbovu, mahindi yananyeshewa shambani, chama kinadai, na ng'ombe hawarudi. Asiye na pesa ya kukosea ndiye anayehitaji nyundo na kamba kuliko wote.

Na kuna la zaidi ya pesa. Nilisoma darasa moja na kijana ambaye leo anatembea kwa magongo. Alikuwa kwenye boda usiku, barabara ya Webuye kwenda Kitale, na mbele yake kulikuwa na trela imeharibika beringi, imeachwa kando bila taa wala rifleta hata moja. Shilingi 5,500 za taa si pambo. Ziweke kwenye hesabu tangu mwanzo, kabla hujaanza kubishania bei.

Mwisho, karatasi. Trela ya barabarani ina namba yake inayoanza na herufi Z, na ina logbook yake, si ya trekta. Tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, ilinganishe na iliyoandikwa. Kisha ingia eCitizen, ufanye utafutaji wa rekodi za NTSA uone mwenyewe ni nani hasa. Namba ikiwa imesagwa au "logbook iko kwa ndugu yangu Nairobi", mshukuru mzee, unywe chai yake, uende nyumbani.

Kanuni yangu moja, ukisahau zingine zote: mwambie muuzaji unataka kupiga jeki. Asiyeficha kitu atakutafutia jiwe la kuzuia gurudumu. Anayekasirika ameshakujibu, na jibu hilo limekugharimu nauli tu.

Mjomba alinunua ile mbaya. Wiki iliyopita alipiga simu tena, safari hii kuuliza kama nimpeleke rangi ya buluu. Nimemwambia angoje mavuno kwanza.