Uvira: mtungi wa kuzima moto si pambo la ukutani

Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, hasara ilivuka mpaka hadi kwa wafanyabiashara wa Uvira. Wazima moto walizidiwa, hata Rwanda ikatuma helikopta.

Depo nyingi hapa zikitundika mtungi mwekundu mlangoni, basi, mwenyewe anaridhika. Nani ameutazama? Mshale wake unatakiwa kukaa kwenye kijani. Ukishuka, hewa ya kusukuma unga imepungua. Kuuangalia kila mwezi hakuombi hata faranga moja. Fundi naye aukague kila mwaka. Penye mabomba ya kunyunyiza maji darini kazi ni kubwa zaidi: valvu ifunguliwe, nguvu ya maji ipimwe. Robine za Uvira hukauka mara kwa mara, na bomba lisilo na tangi lake ni chuma tu.

Familia zilizokimbia vita, zinazolala shuleni na makanisani, haziwezi kumdai mwenye jengo mtungi. Meya anaweza. Aanze na majengo hayo, kisha depo za mafuta, na patente isitolewe kabla karatasi ya ukaguzi haijaonekana.