Tuache Kuchoma Majani ya Miwa

Kiangazi kikikaribia kwisha huku kwetu Kianjokoma, moshi hutanda mabondeni. Si ukungu wa Mlima Kenya, la! Ni watu wanachoma majani ya miwa kando ya vijito na mabua ya mahindi shambani, wakingojea mvua ya Machi au ya Oktoba. Hata sisi nyumbani tulikuwa tukichoma, na mwenye kushika kiberiti nilikuwa mimi.

Babu husema moto unaua funza. Sitaki kumpinga mzee ovyo, maana hapo hajakosea. Funza wa mabua, ambaye wataalamu humwita bungua, hutoboa shina la hindi, na hata la muwa, akala ndani kwa ndani mpaka jani la katikati likanyauka. Mavuno yakiisha hujificha ndani ya bua kavu na kulala humo kiangazi kizima. Mvua ikinyesha anatoka akiwa nondo, anataga mayai kwenye mahindi machanga. Ukimchoma akiwa bado ndani ya bua, umemmaliza.

Lakini je, ni funza peke yake anayeungua? Nitrojeni iliyomo kwenye majani hupaa na moshi. Hubaki jivu, na kwa miteremko hii yetu mvua ya kwanza hulisomba hadi mtoni. Halafu muwa ni mlafi jamani! Hupandwa mara moja, ukikatwa unachipuka tena na tena, na kila ukikatwa unaondoka na chakula cha udongo, hasa potasiamu. Miwa yetu iliyokuwa minene kama mkono wangu siku hizi ni kama fimbo za kuchungia mbuzi. Na hiyo ndiyo mama huuza sokoni nipate pesa za chakula cha mchana hapa shuleni.

Mimi naona mabua yakatwekatwe, ng'ombe ale, mabaki yawe matandiko zizini, kisha yafukiwe shimoni pamoja na samadi. Mboji ikichacha vizuri hupata joto kali, funza haponi. Majani ya miwa yatandazwe kati ya mistari yazuie magugu na kutunza unyevu, ila muwa wenye matundu ung'olewe. Huko Brazil, jimbo la São Paulo lilipitisha sheria mwaka 2002 ya kukomesha uchomaji wa miwa hatua kwa hatua. Hapa Kenya watafiti wa ICIPE kule Mbita wametufundisha njia ya sukuma-vuta: desmodiamu katikati ya mahindi hufukuza nondo kwa harufu yake na kurutubisha udongo, nepia kandokando huwavuta. Nepia si tunayo tele?

Babu aliniuliza, "Na nguvu za kukatakata utatoa wapi?" Kweli, kuchoma ni nusu saa, kukatakata kulinimalizia Jumamosi mbili. Malengelenge ninayo bado.

Sasa nageukia shule yetu. Kila Ijumaa nyasi tulizofyeka huchomwa nyuma ya jiko, na hapo karibu sukuma wiki yetu imekuwa manjano ati! Walimu wetu, tupeni ile sehemu iliyo kando ya tangi la maji. Shimo nitachimba mimi. Wenye adhabu ya kufyeka walete nyasi huko, na kiberiti kibaki jikoni kwa mpishi.