Kusi, Sekhmet na mungu aitwaye Maendeleo

Kwenye gemu na anime, mungu anayebomoa ndiye mwenye mashabiki. Beerus wa Dragon Ball Super anafuta sayari nzima kwa kuinua kidole, na vijana wanamweka kwenye picha ya wasifu. Kratos wa God of War amewamaliza miungu wa Wagiriki mmoja baada ya mwingine, nasi tukamshangilia. Hatuna ugomvi na hilo. Hamu ya kuvunja kila kitu uanze upya humjia yeyote aliyewahi kupokea matokeo mabaya ya mtihani.

Ila tumechukua nusu ya hadithi tu. Wale waliowaabudu miungu hawa kikweli, zamani hizo, hawakuwa wanashangilia. Walikuwa wanajadiliana nao.

Chukua Sekhmet wa Misri, mwenye kichwa cha simba jike. Kisa ni kwamba Ra, mungu wa jua, alichoshwa na binadamu, akamtuma awaadhibu. Mama akaonja damu, ikamnogea, akakataa kuacha. Hata Ra mwenyewe akaingiwa na hofu. Basi ikatengenezwa bia nyingi, ikatiwa rangi nyekundu, ikamwagwa mashambani. Sekhmet akadhani ni damu, akanywa, akalewa, akalala. Binadamu wakapona kwa pombe! (Beerus naye, ukitazama vizuri, amefanana na paka wa Misri, na kinachomtuliza ni chakula kitamu. Sidhani hiyo ni bahati.) Lakini Wamisri hao hao walimwomba Sekhmet huyo huyo uponyaji, na makuhani wake walihesabiwa miongoni mwa matabibu. Anayeleta tauni ndiye anayeombwa aiondoe. Kwa Wahindu pia, Shiva anayeangamiza anaangamiza ili kitu kipya kizaliwe.

Sasa njoo Kiwayu. Ni kisiwa chembamba upande wa kaskazini wa visiwa vya Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Upande mmoja mkondo na mikoko, upande wa pili Bahari Hindi yenyewe, wazi, hadi huko Asia. Watu wa hapa wanaishi kwa kuvua samaki na kamba. Upepo wa kusi ukiingia, bahari ya nje inachafuka miezi kadhaa, na mvuvi mwenye akili hasogei. Kaskazi ikirudi, bahari inafunguka tena.

Hebu mwambie mzee wa Kiwayu kwamba kusi ni mungu uone atakavyokutazama. Ni kijiji cha Waislamu. Upepo ni kiumbe kama sisi, una Mola wake. Lakini adabu ipo. Anayeishi na nguvu inayoweza kumuua hujifunza lini aipishe, lini atengeneze mashua, lini ashinde upande wa ndani akivua kidogo. Pwani yetu pia imejua kuupa uharibifu siku yake na mipaka yake. Kule Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa wa kila Julai, watu hupigana kwa migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Vurugu zina saa ya kuanza na saa ya kwisha, halafu watu wanakula pamoja.

Yaani kila mahali uharibifu ulikuwa na masharti. Ulikuwa na msimu, na kulikuwa na mtu wa kumwendea.

Mungu mpya aliyeingia Lamu hana msimu. Anaitwa Maendeleo, na ibada yake tunaijua sote: mabadiliko hayaepukiki, lazima mtu aumie, usisimame njiani. Kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu mikoko ilikatwa, na sakafu ya bahari ikachimbwa ili meli kubwa zipite. Kafara ikawa mazalia ya samaki. Mvuvi anaweza kulisubiri kusi liishe; mtambo wa kuchimba bahari atausubiri hadi lini? Hatusemi bandari isijengwe. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na kuna vijana wanaotamani kazi pale, nao wana haki. Tunachokataa ni lugha ya kuabudu, ile inayofanya uamuzi wa watu waliokaa ofisini uonekane kama dhoruba isiyo na mwenyewe.

Na hapo watu wa Lamu walifanya jambo ambalo Wamisri hawakuliwaza. Hawakumwaga bia. Walimpeleka mungu mahakamani. Mwaka 2018, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni ilikiukwa, na kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopaswa. Ikaamuru wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mwaka uliofuata, Juni 2019, jopo la mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa Lamu, kwa sababu hiyo hiyo kubwa: watu hawakuulizwa vya kutosha.

Ukisoma hukumu ile ya 2018 hukuti shujaa anayeinua kidole. Kuna wavuvi wanaoeleza wanapitia mlango gani wa bahari, na samaki gani walipotea. Kuna wataalamu wanabishana kuhusu tope. Ni ndefu kweli, na Kiingereza chake ni cha mawakili. Lakini imechapishwa kwenye tovuti ya Kenya Law, bila malipo, na inafunguka kwenye simu ileile unayotazamia Beerus.