ASIYE NA KAZI SI MVIVU

Mwezi wa Juni, mwaka 2014, vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa kazi za Uhamiaji. Nafasi zilizokuwapo zilikuwa 70 tu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 100,000. Hesabu hizo zatuonyesha jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulikiri: katika kila waombaji mia, hata wawili hawakuweza kupata. Waliobaki hawakukosa kwa uvivu wala kwa upumbavu. Nafasi hazikuwapo.

Hata hivyo, kijana huyo arudipo nyumbani hupokewa kama mtu aliyetenda kosa. Jirani humwuliza kila asubuhi, "Je, umepata?" Mjomba humhesabia watoto wa wenzake waliokwisha kuajiriwa. Maombi ya kumi yakikosa jibu, kijana huanza kuwakwepa watu, hulala hadi jua likawa kali, na mwishowe huamini mwenyewe kwamba hafai. Hapo upungufu wa mfukoni umekwisha kuingia moyoni, na kuutoa huko ni kazi ngumu.

Msiba huu si wetu peke yetu. Katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa karibu na mwaka 1930, na takriban kijiji kizima kikakosa kazi. Wataalamu Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel waliyachunguza maisha ya watu hao, wakatoa kitabu mwaka 1933. Mtu angedhani kwamba wenye wasaa mwingi wangesoma zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua sana. Wanaume walitembea polepole, wakisimama-simama njiani, wala hawakujali tena saa. Wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaachia nafasi, walikwenda upesi. Fundisho lake ni wazi: apotezaye kazi hupoteza mshahara, na pamoja nao mpango wa siku, wenzake, na heshima yake mbele ya watu.

Basi, ndugu unayetafuta kazi, ilinde siku yako. Amka kwa saa ile ile. Tenga muda wa kuandika maombi, na muda mwingine wa kujifunza ufundi, kulima, au kusaidia wenzako. Kisha toka ukaonane na watu. Hatusemi kwamba ratiba hujaza tumbo. Twasema kwamba humhifadhi mtu hadi nafasi itakapotokea.

Nasi tulio kazini tuna wajibu. Tumpashe mwenzetu habari za nafasi tuzisikiazo, tumwite katika shughuli zetu, tuache kumhoji kama mshitakiwa. Waajiri nao wajibu barua. Hata neno "hapana" ni heshima kuliko kimya cha miezi sita.

Lakini haya yote ni kumshika mtu asianguke. Tiba yenyewe ni kazi, na wenye dhamana ya kuzianzisha wasiruhusiwe kulisahau deni hilo kwa kisingizio kwamba vijana ni wavivu. Vijana 10,000 waliojitokeza kuzigombea nafasi 70 wamekwisha kulijibu neno hilo.