Mthamini wa Dhahabu Naye Asomeshwe

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Naiheshimu methali hiyo, lakini nadhani aliyeitunga hakupata kufika Nyatike. Huko, katika kaunti ya Migori, dhahabu haijiuzi hata kidogo. Huuzwa jioni, kwa haraka, mbele ya mtu mwenye kimizani mkononi. Mtu huyo ndiye asemaye uzito, ndiye asemaye ubora, ndiye apangaye bei, na mwisho wa yote ndiye anunuaye. Mchimbaji aliyeshinda shimoni, au mama aliyeshinda akiosha mchanga kwa karai, hubaki kupokea apewacho.

Leo nataka wasomaji wapenzi tuitazame kazi moja ambayo katika nchi yetu haijahesabiwa kuwa kazi ya kusomewa. Ni kazi ya mthamini wa dhahabu, vito na saa. Tuna wathamini wa mashamba na majumba, wenye sheria yao tangu 1984. Lakini pete, mkufu, saa na vumbi la dhahabu, tumewaachia wenye maneno mengi.

Dhahabu ya Migori si habari ya jana. Mgodi wa Macalder, ambao wenyeji huuita Makalda, ulifanya kazi tangu zama za ukoloni hadi ulipofungwa 1966. Mgodi ulipofungwa, dhahabu haikuisha ardhini. Wenyeji waliendelea kuchimba kwa sululu na tindo, pale Makalda na penginepo kama Osiri na Mikei. Elimu ya kuchimba wakajifundisha wenyewe, na kuisaga miamba wakajifundisha. Ya kuithamini dhahabu yenyewe hakuna aliyewafundisha, maana asiyejua bei ndiye mteja mzuri wa kulaliwa.

Kipimo cha machimboni ni pointi. Pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu, na pointi kumi ni gramu moja. Hebu tufanye hesabu ndogo ya darasa la nne. Mizani ikidanganya pointi moja katika kila gramu, mchimbaji amenyang'anywa sehemu moja ya kumi ya jasho lake. Akichimba siku kumi, siku moja nzima amemchimbia mwenye mizani. Na hapo hatujagusa ubora. Dhahabu ya asili aghalabu huwa imechanganyika na fedha. Iliyo safi kabisa huitwa karati 24. Ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika 24, yaani karibu asilimia 92, na ya karati 18 ni asilimia 75 tu. Mnunuzi anayeitazama kwa jicho na kusema "hii ni chafu" hajapima kitu, ila ametaja bei aitakayo yeye.

Kinyume cha hayo, mtu aliyesomea kazi ana njia. Ana jiwe jeusi la kusugulia dhahabu na tindikali za kujaribia alama iliyobaki juu yake. Anajua kupima kitu hewani, kisha kukipima ndani ya maji, na kutafuta uwiano. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji ya ujazo uleule, risasi mara 11.3, na shaba nyeupe haifiki hata mara 9. Anajua pia kwamba kuna metali iitwayo tangisteni ambayo uzito wake unakaribia sana ule wa dhahabu, na kwamba matapeli huitumia ndani ya vipande vilivyopakwa dhahabu, hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Anajua kuwa jiwe la paraiti humetameta kama dhahabu, lakini ukiligonga kwa nyundo husagika, ilhali dhahabu hutandazika. Haya si mazingaombwe. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa akayaelewa.

Sasa tushuke Homa Bay, ufukoni mwa ziwa. Huko shida si vumbi la dhahabu bali vitu vya nyumbani. Mjane anashika saa ya marehemu mumewe, anataka karo ya mtoto. Mkopeshaji anaigeuza mara mbili, anataja bei ya kuku wawili. Ni nani atakayemwambia mama huyo kama saa ile ni ya thamani au ni bandia? Nimekaa na mafundi wa saa wa barabarani, wale wenye lenzi jichoni na kimeza cha mbao, na nasema bila kusita kwamba hao ndio wathamini wetu wa kweli. Fundi hufungua mfuniko wa nyuma, akatazama mashine, akalinganisha jina la nje na kazi ya ndani. Atakwambia kwamba maandishi ya "vito 17" kwenye uso wa saa hayamfanyi mwenye saa kuwa tajiri, kwa kuwa vito hivyo ni vijiwe vidogo vya kuzuia msuguano, na tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza 1902 njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa moto, vijiwe hivyo hupatikana kwa bei rahisi. Lakini fundi huyo hana cheti, na neno lake halina uzito mbele ya benki wala mahakama. Wateja nao wamepungua tangu simu ianze kutuambia saa. Akifa, elimu yake inazikwa naye.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika imemruhusu Mkenya kuweka rehani hata vitu vidogo vidogo apate mkopo. Sheria ni nzuri. Lakini kuweka rehani kitu usichojua thamani yake ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila safari hii mbuzi ni wako.

Watasema wengine kwamba elimu hii ni ya Wazungu na matajiri. La hasha! Lugha yetu yenyewe inawakanusha. Wakia, tola na sonara ni maneno ya Kiswahili. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala kabla Vasco da Gama hajaziona pwani hizi. Mbegu nyekundu za mtipitipi, zenye doa jeusi, ndizo zilizotumiwa na masonara wa Bara Hindi kama mawe ya mizani. Wazee wetu walijua kupima. Sisi ndio tuliosahau.

Wenzetu nao hawakulala. Uingereza ilianza kuweka sheria ya alama za ubora wa fedha na dhahabu mwaka 1300, na mitihani ya elimu ya vito ikafanywa huko 1913. Marekani ilipata chuo chake cha vito 1931. Hapa jirani, Watanzania wana kituo cha elimu ya vito Arusha, na 2019 walifungua soko la dhahabu Geita, ambako mchimbaji mdogo huuza mzigo wake ukiwa umepimwa mbele ya maofisa wa serikali. Kutoka Migori hadi mpaka wa Isebania si safari ya kutwa. Twende tukajifunze.

Rai yangu ni hii. Chuo cha ufundi cha Mawego na Chuo Kikuu cha Rongo vianzishe kozi fupi ya uthamini. Mafundi wa saa na masonara wakongwe wapimwe kwa ujuzi walio nao na kupewa vyeti, kisha wawe walimu. Wanafunzi wafundishwe mizani, jiwe, tindikali na hesabu. Na zaidi ya yote wafundishwe maadili, kwamba mthamini hanunui kitu anachokithamini. Huko Marekani kanuni za wathamini zinakataza hata kulipwa kwa asilimia ya thamani unayoitaja, kwa sababu ulimi hufuata tumbo.

Wafundishwe pia utamaduni. Shanga ambazo Wajaluo huziita tigo, zilizovaliwa na nyanya wa nyanya, sokoni huenda zisifikishe bei ya kilo ya sukari. Mthamini aliyeelimika ataandika bei ya soko, kisha atamshauri mwenye nazo asiziuze.

Kaunti hizi mbili hazihitaji mgodi mpya ili wananchi wake wapate nafuu. Zianze kwa kumpa mchimbaji wa Nyatike na mjane wa Homa Bay mtu wa tatu wa kusimama kati yao na mnunuzi, mtu aliyesoma, mwenye cheti, asiye na haja ya kununua.