Chumvi Haifutwi na Kidonge cha Usingizi

Katika kliniki ya shinikizo la damu, mgonjwa anapoulizwa dawa anazotumia hutaja zile zilizoandikwa kwenye kadi yake. Kichupa cha melatonini alicholetewa na mwanawe anayeishi Marekani hakitajwi. Kwake hicho si dawa, bali ni kitu cha kuleta usingizi. Wala hakosei sana, kwa kuwa huko kilikonunuliwa huuzwa kama kirutubisho, bila cheti cha daktari. Nchini Uingereza, kidonge hichohicho hakitolewi ila kwa cheti. Nchi mbili zenye wataalamu wengi zimetofautiana kiasi hicho. Basi haifai mgonjwa na mhudumu wake walipite jambo hili kimya.

Haja ya kulizungumza imeongezeka, kwani melatonini sasa husifiwa kuwa hushusha shinikizo la damu, hata kwa mtu asiyetaka kupunguza chumvi. Sifa hiyo haikuzuka hewani. Melatonini ni homoni inayotengenezwa na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo. Iligunduliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, kutokana na tezi za ng'ombe. Giza huichochea, na mwanga huizuia. Usiku, melatonini inapopanda, shinikizo la damu la mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na moyo na mishipa hupata nafuu. Mwaka 2004, watafiti walichapisha matokeo ya wanaume 16 wenye shinikizo la juu waliopewa miligramu 2.5 za melatonini kila usiku kwa wiki tatu. Shinikizo lao la usiku lilipungua kwa milimita 6 za zebaki kwa kipimo cha juu na 4 kwa kipimo cha chini. Majaribio kadhaa ya panya waliolishwa chumvi nyingi nayo yameelekea upande huohuo.

Hata hivyo, wanaume 16 si jamii nzima, na wao hawakuwa wakitumia dawa nyingine ya shinikizo la damu. Wagonjwa wengi wa kliniki huzitumia, na hapo ndipo ilipo hatari. Mwaka 2000, watafiti wa Pavia, Italia, walichapisha utafiti wa wagonjwa 47 ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa kwa nifedipini, dawa inayojulikana sana pia Afrika Mashariki. Kila mmoja alitumia melatonini miligramu 5 usiku kwa wiki nne, na kwa wiki nne nyingine kidonge kisicho na dawa. Katika kipindi cha melatonini, wastani wa shinikizo la saa 24 ulipanda kwa milimita 6.5 za zebaki kwa kipimo cha juu na 4.9 kwa kipimo cha chini, na mapigo ya moyo yakaongezeka. Kidonge kilichomsaidia mmoja kilimdhuru mwingine, kwa sababu ya dawa aliyokuwa akiinywa tayari. Daktari asiyejua habari ya kichupa hicho ataona presha imepanda, naye huenda akaongeza dozi au kumlaumu mgonjwa kwamba hamezi dawa zake.

Chumvi nayo ina kazi yake usiku. Figo za watu wengi wenye shinikizo la juu hushindwa kuitoa chumvi yote mchana. Mwili hubakiza maji pamoja nayo, na shinikizo huendelea kuwa juu usiku ili figo zimalize kazi iliyosalia. Hivyo presha haishuki inavyopasa, na mtu huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Mwaka 2017, watafiti wa Nagasaki, Japani, walieleza habari za wagonjwa wenye shida ya usingizi na ulaji mkubwa wa chumvi. Watu 223 waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 hadi 8.0 kwa siku walipunguza pia safari za chooni usiku, kutoka wastani wa mara 2.3 hadi 1.4. Wale 98 ambao chumvi yao iliongezeka, safari zao ziliongezeka pia.

Basi huenda mzee anayeamka mara tatu usiku na kutafuta kidonge cha usingizi anaamshwa na chakula chake cha jioni. Kumpa melatonini pasipo kuuliza juu ya chumvi ni kumtibia tawi na kuacha mzizi.

Si haki, lakini, kuikataa melatonini kabisa. Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenololi, hupunguza melatonini ya mwili wenyewe, na wapo wagonjwa wa namna hiyo ambao usingizi wao uliongezeka walipopewa homoni hii. Uamuzi huo, hata hivyo, ni wa daktari anayejua dawa zote za mgonjwa wake. Tena maandishi ya kichupa si ya kuaminiwa moja kwa moja: bidhaa 31 zilizopimwa nchini Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, zilitofautiana na kiasi kilichoandikwa, kuanzia pungufu ya asilimia 83 hadi ziada ya asilimia 478.

Inapasa, kwa hiyo, mhudumu wa afya aongeze maswali matatu: mgonjwa analalaje, huamka mara ngapi kwenda haja ndogo, na kuna kitu gani anachomeza kisichoandikwa kwenye kadi. Auliza kwa upole, maana mgonjwa akikaripiwa ataficha. Aangalie pia saa ya dawa ya kuongeza mkojo, kwani inayomezwa jioni humwamsha mtu usiku. Mgonjwa naye aje na vichupa vyote, wala asiache dawa yake ya presha kwa hofu. Cha kusimamishwa hadi aonane na daktari ni kile alichojiongezea mwenyewe.

Kisha mazungumzo yarejee jikoni. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Samaki mkavu wa chumvi alowekwe na maji yake yamwagwe. Mchuzi uliotiwa kiungo cha kopo au cha kipande usiongezewe chumvi tena. Kikopo cha chumvi kiondolewe mezani, na ndimu, tangawizi na pilipili vishike nafasi yake. Hatua hizi hazihitaji kuagizwa ng'ambo, nazo huisaidia nifedipini badala ya kuipinga.